Picha ya Kila Ijumaa

Wengine huponzwa na mdomo. Yassine aliponzwa na kuubana. Mwaka wa 2017, vita vilipokaribia Kalemie, alivuka ziwa kumpeleka mama yake Kigoma. Ofisi yake ilikuwa ya kuwatafutia wazazi watoto waliopotea vitani, na mashine zake akamwachia Papa Gaspard wa stoo.

"Papa, kila Ijumaa ukamate picha ya serveri, uiweke ku diski." Basi, huyoo bandarini.

Serveri hiyo ndiyo iliyosimamia mashine nyingine zote zinazoishi ndani ya kompyuta bila kuonekana, na funguo zao za siri zilikaa kwake. Makaratasi ya watoto yalichomwa kwa amri ya wakubwa ili wenye silaha wasiyapate. Wahudumu waliowapeleka watoto kwa walezi walishatawanyika. Alipo kila mtoto, ilijua mashine moja tu kati ya zile zisizoonekana.

Yassine aliporudi akakuta umeme umeiunguza serveri. Hakutishika. Si nakala yake nzima, ile mafundi wa kompyuta huiita picha, iko kwenye diski? Angeipandisha kwenye kompyuta nyingine, ingeamka vilevile ilivyokuwa. Mlangoni alishafika Mama Bertille kutoka Niemba, akimtafuta binti yake Princesse.

"Ungoje kidogo, Mama, mashine iamke," alimwambia kwa furaha.

Akafungua diski. Ijumaa ya kwanza, foto. Ya pili, foto. Serveri imepigwa picha kwa simu, mbele na ubavuni, imepambwa kama bibi harusi.

"Si ulisemaka picha?" Papa Gaspard aliuliza, bado akitabasamu. "Hata vumbi nilipangusaka."

Hasira ilimpanda Yassine, ikashuka yenyewe. Angemlaumu nani? Maji yakimwagika hayazoleki. Akachukua nakala aliyoitengeneza mwenyewe kabla ya safari, akaipandisha. Serveri ikaamka vizuri, ikidhani Niemba bado kuna amani. Lakini ile mashine ya watoto ilikataa kufunguka. Ufunguo wake ulibadilika wakati yeye yuko Kigoma, kama alivyoupanga ubadilike, na ule mpya uliungua na serveri. Akajaribu tena na tena. Akalia, mtu mzima yule.

Alipotoka Yassine, Mama Bertille alisimama.

"Mashine imeamka, Papa?"

"Imeamka, Mama. Lakini watoto, haiwajui tena."

Mama alikaza kitambaa kichwani.

"Niambie kimoja tu. Princesse iko Kalemie ama Moba? Nitatembea nikimuita."

Hata hicho Yassine hakukijua.