Mwalimu Kizibo na matone yake matatu

Tone la tatu linagoma. Mawili ya mwanzo yameshazama kwenye pamba, lakini hili limening'inia mdomoni mwa chupa, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Mwalimu anaitikisa chupa. Anaigonga kitako kwa kidole. Anaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuikazia macho, kama anavyomkazia mtoto aliyeulizwa swali akaamua kutazama dari.

"Na wewe leo umeamua," anaiambia.

Ni asubuhi na kengele haijagongwa, lakini kelele za watoto uwanjani zimeshaanza kupenya madirishani. Mezani pana vizibo vinne vya soda, kila kimoja kimeshindiliwa kipande cha pamba. Vitatu vimeshapata matone yao ya mafuta ya kunukia ya lavenda. Hiki cha nne ndicho kinachomtesa. Akimaliza atapanda kitini, avipange juu ya madirisha ambako mkono wa mtoto haufiki, kisha asimame mlangoni na kushusha pumzi.

Ndiyo maana wanafunzi wa darasa la pili wanamwita Mwalimu Kizibo. Walimu wenzake walilisikia jina hilo wakalipenda, na sasa hata mwalimu mkuu humwita hivyo vikaoni bila kucheka.

Mwenyewe hana neno nalo. "Kuna mwenzangu anaitwa Pua," anasema. "Mimi nina nafuu."

Leo ana haraka kuliko siku zote, maana ndiyo siku ya mwisho ya kujiandaa. Kesho mama mmoja atakuja kukaa dawati la nyuma, alisikilize darasa mwanzo hadi mwisho. Akitoka hapo ndipo atakapoamua kama binti yake ataendelea na masomo au atarudi kukaa nyumbani mpaka akue kidogo.

Tone linaanguka. Linaanguka mezani.

Mwalimu Kizibo anaichomoa pamba ya kizibo hicho, analifuta tone hilo mezani na kuirudisha. Hakipotei kitu.

Darasa lake lina watoto themanini na watatu. Dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watatu linabeba watano, na wale wa pembeni husoma nusu ya mwili ikiwa hewani. Ukuta unaowatenga na darasa la nne ni wa mbao nyembamba, tena haufiki kwenye paa. Upande wa pili anafundisha mwalimu wa hesabu ambaye shule nzima inamwita Radi. Radi akiuliza tatu mara nne kule, darasa la pili hujibu kumi na mbili huku.

"Nawauliza herufi, wananijibu namba," anasema mwalimu, na uchovu ulio kwenye sauti yake si wa asubuhi hii peke yake.

Katika miaka kumi na tisa ya kufundisha amejaribu kila njia. Aligonga meza kwa rula mpaka rula ikavunjika. Alinunua filimbi, watoto wakadhani wameitwa mpirani. Mkufunzi mmoja kwenye semina aliwashauri walimu wanyamaze kimya, watoto wataona haya na kutulia. Mwalimu Kizibo alirudi akanyamaza. Watoto wakamsahau.

"Mmoja alinijia pale mezani akaniuliza, Mwalimu, leo hujaja?"

Habari ya mafuta aliipata saluni, kwa mdogo wake anayesuka nywele. Pale ndani wanawake sita walikuwa wakizungumza kwa mpigo, lakini hakuna aliyepaza sauti, na yeye mwenyewe alijikuta ameegemeza kichwa na kusinzia. Alipoamka aliuliza hiyo harufu ni ya nini. Mdogo wake akamwonyesha kichupa kidogo, akamcheka kwamba mtu mzima anauliza marashi kama anauliza njia.

Hakukurupuka. Kwanza alikwenda kumuuliza muuguzi wa zahanati kama mafuta hayo yanaweza kuwadhuru watoto. Muuguzi alimwambia atumie matone machache, aache madirisha wazi, yasiguse ngozi ya mtoto, na mtu akianza kukohoa ayaondoe mara moja. Darasani kuna mtoto mmoja mwenye pumu. Mwalimu alizungumza na wazazi wake, wakaridhia, naye akahamishiwa dawati la mlangoni, mbali na vizibo.

Kisha akaanza kujaribu, na kila jaribio lilimpa maumivu ya kichwa ya aina yake.

Mafuta ya nanaa yaliwachangamsha. Watoto walinusa, wakatazamana, wakaanza kuulizana nani ana pipi. Aliwapekua wote kabla ya kuelewa kwamba pipi yenyewe ilikuwa juu ya dirisha. Mafuta ya mkaratusi yaliwakumbusha dawa ya kifua wanayopakwa nyumbani, na nusu ya darasa ikaanza kukohoa kwa bidii. Aliyaondoa upesi, ingawa anashuku kwamba wengi walikuwa wanaigana. Mafuta ya mchaichai nayo yaliwatia njaa. Mtoto mmoja alinyoosha kidole kwa adabu zote na kuuliza kama chai imeshaiva.

Mwisho akanunua lavenda. Hakuna mtoto aliyewahi kuinusa.

"Haikuwakumbusha kitu chochote," anasema. "Sio pipi, sio homa, sio chai. Walikaa tu wanajiuliza hiki ni nini. Nikasema basi, wajiulize hivyohivyo."

Lavenda ni ghali. Kichupa kimoja, ambacho hakitoshi hata kujaza kijiko vizuri, kinakula kitoweo cha nyumbani cha siku kadhaa. Mume wake, fundi wa kufuli, alivumilia kwa muda, kisha siku moja akiwa mezani akawaambia watoto wao kwamba familia nyingine zinakula mshahara, wao wanaunusa.

Kosa kubwa, hata hivyo, lilikuwa bado linakuja.

Mwanzoni alivitoa vizibo pale tu kelele zilipozidi. Darasa likichemka, anakwenda kabatini, anaviweka madirishani, watoto wanatulia. Aliona amepata dawa. Lakini wiki zilivyosonga, kelele zilizidi kuja mapema. Zilianza kabla ya mapumziko, kisha kabla ya kuita majina, na mafuta yakawa yanakwisha kama maji.

Siku moja alichelewa kutoka ofisini. Alipokaribia mlango alimsikia kiranja wa darasa, msichana mdogo mwenye sauti ya mamlaka, akiwaelekeza wenzake.

"Pigeni kelele, Mwalimu atoe ile harufu. Sio nyie. Nyie wa huku mmeshapiga jana."

Mwalimu Kizibo alisimama nje ya mlango kwa muda mrefu. "Wana zamu," anasema, na mpaka leo hajui acheke au alie. "Nimefundisha zamu ya kufagia mwaka mzima, hawaijui. Hii walijipangia wenyewe."

Tangu siku hiyo vizibo hupandishwa kabla watoto hawajaingia. Atakayepiga kelele hapati kitu. Wakiingia, wote wanasimama, wanavuta pumzi, wanaitoa polepole, kisha wanakaa. Mwalimu huvuta pumzi pamoja nao, na anakiri kwamba huenda yeye ndiye anayeihitaji zaidi.

Radi amekuwa akilifuatilia jambo hili kutoka upande wake wa ukuta, kwa sababu ukuta ule hauzuii harufu kama usivyozuia sauti. Analalamika kwamba watoto wake wa nyuma wanasinzia kwenye kugawanya.

"Mwenzangu, mimi nakupelekea hesabu, wewe unaniletea usingizi," alimwambia.

Siku ambayo chupa iliisha, mwalimu alipandisha vizibo vyenye pamba kavu, kwa mazoea tu. Watoto walivuta pumzi, wakaitoa, wakakaa. Wakatulia vilevile. Radi aliposikia alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Alimjia ofisini na kumwambia kwamba basi sio mafuta.

"Basi ni nini?" mwalimu alimjibu. "Niambie nikanunue hicho."

Lakini utulivu wenyewe haukudumu. Siku ya tatu ya pamba kavu watoto waligundua, wakaviita vizibo vilivyokufa. Mwalimu akarudi dukani.

Mtoto ambaye mama yake anakuja kesho anaitwa Njiwa nyumbani, na jina hilo limemfuata shuleni. Kelele zikipanda, Njiwa huziba masikio kwa viganja na kuteleza chini ya dawati. Huko hukaa mpaka kengele. Wapo walimu waliosema ni kiburi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mwalimu Kizibo ameinama mpaka maumivu ya mgongo yamekuwa mgeni wake wa kila jioni.

Mama yake Njiwa ni fundi cherehani. Alikuja shuleni mara mbili, akiwa na tepu yake ya kupimia shingoni. Alieleza kwa upole kwamba mtoto anarudi nyumbani na kichwa kinauma, hali wala hasemi, na kwamba yeye ameona bora akae naye karibu na cherehani, ashone vifungo, shule ataikuta.

"Simlaumu hata kidogo," anasema mwalimu. "Mimi nalipwa kukaa humu na natamani chini ya dawati. Lakini mtoto akishatoka, nani atakumbuka kumrudisha?"

Kwa hiyo alimwomba mama huyo jambo moja, aje akae darasani siku moja kabla ya kuamua. Mama akakubali.

Asubuhi hii kengele inagongwa na watoto wanaingia. Wanasimama, wanavuta pumzi. Njiwa yuko dawati la mbele, karibu na dirisha, viganja vyake vimetulia mapajani. Kwa majuma mawili hajateleza chini ila mara moja.

Kipindi cha kusoma kinafika, na mwalimu anamwita. Msichana anasimama. Kidole chake kinatafuta mstari, na sauti inayotoka ni ndogo kiasi kwamba dawati la pili linainama mbele ili kuisikia. Anasoma sentensi ya kwanza. Anasoma ya pili.

"Saba mara nane!" inanguruma sauti ya Radi kutoka ng'ambo.

"Hamsini na sita!" linajibu darasa la pili zima, kwa furaha.

Njiwa anateleza.

Mwalimu Kizibo anaweka kitabu chini. Anatoka, anazunguka mpaka mlango wa darasa la nne. Kinachosikika ni sauti yake ya chini, isiyo na haraka, ikimweleza Radi kwamba kesho ni kesho, na kwamba kama hawezi kufundisha bila kupasua paa basi amwambie sasa hivi.

 Radi anajibu kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo: "Dada, kesho nitawapeleka uwanjani wakapime goli. Mvua isiponyesha."

Mwalimu anaporudi, anapiga magoti kando ya dawati na kuinama. Hamvuti mtoto. Anamsubiri. Darasa linanong'ona, linacheka kidogo, linachoka kucheka. Mwisho Njiwa anatoa kichwa.

"Kengele imegongwa?" anauliza.

"Bado."

Lakini inagongwa kabla Njiwa hajarudisha kidole kwenye mstari.

Watoto wakishaondoka, mwalimu anapanda kitini na kuvishusha vizibo. Akiulizwa anatamani nini baada ya haya yote, hataji mafuta. Anaunyooshea ukuta kidole, pale juu unapoishia na paa bado liko mbali. Ameshaiomba kamati ya wazazi mbao za kuufikisha juu, na amejibiwa kwamba jambo lake linafikiriwa.

"Hii lavenda ni ukuta wangu wa muda," anasema. "Ninachotaka ni ukuta."

Chupa inaonekana tupu. Anaigeuza kichwa chini juu ya kizibo kimoja na kuiegemeza kwenye pembe ya kabati, ili kilichobaki kishuke chenyewe usiku kucha. Pengine yatapatikana matone matatu, pengine moja. Kitabu cha Njiwa anakiacha wazi kwenye dawati la mbele, ukurasa uleule, na juu ya sentensi ya tatu anaweka kizibo kimoja, upepo usije ukaufunua.

Anatoka nje, anasimama, anatazama mawingu.