Ubao Mmoja wa Saiprasi

Raketi ya kaboni niliiogopa kabla ya kumwogopa mtu aliyesimama ng'ambo ya meza. Ilikuwa ya jamaa wa boila, mtia kuni wa kiwanda, aliyenipa mahali pa kulala nilipofika kwenye kiwanda kile cha chai, mwendo mfupi kutoka Kericho. Aliitunza ndani ya soksi ya sufu.

"Chukua hii, chorwenyu, rafiki yangu," aliniambia asubuhi ya mechi. "Hiyo yako ni mwiko wa ugali." Nikaikataa.

Nilikuwa kibarua wa kuchuma majani. Mashine za kuchuma zilikuwa zimeletwa, na kila Ijumaa nyapara alisoma majina ya watu wasiotakiwa kurudi Jumatatu. Jina langu lilikuwa bado. Kisha timu ya kiwanda ya tenisi ya meza ikapungukiwa na mtu, na afisa wa maslahi ya wafanyakazi, mama wa sauti ndogo asiyerudia neno, akatangaza kwamba atakayemshinda fundi wa matrekta ataingia timu na kuandikwa kazi ya kudumu stoo. Wawili walijaribu wakashindwa. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa nimepakia mahindi Kipkelion, nikapasua mbao Kapkatet, nikatengeneza redio na kukamua ng'ombe wa watu. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua kazi inavyofanywa, halafu nikaondoka. Sikuwa na mlango hata mmoja ambao ufunguo wake ni wangu. Safari hii sikutaka kuondoka, na kule kutotaka ndiko kulikonitia hofu.

Raketi yangu niliichonga mwenyewe. Kule Kapkatet, kwenye vipande vya kutupwa, niliokota saiprasi yenye nyuzi zilizonyooka kama mvua isiyo na upepo. Hapa kwetu mti huo ni wa dari na milango, lakini nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba Wajapani huchonga raketi kutoka kwa jamaa ya mti huohuo, ubao mmoja mzima, bila kubandika tabaka juu ya tabaka. Nikataka kujua kwa nini. Nilipiga randa, nikapiga msasa, nikabandika raba. Mpira wa kwanza ulipogonga, niliusikia mpaka kwenye kiwiko: umegonga wapi, kwa nguvu gani, unazunguka upande upi. Ile ya kaboni haikuniambia kitu. Mpira ulikuwa umeshaenda kabla mkono haujapata habari.

Ila kabla ya kubandika raba, ubao ulikuwa bado mbichi, na mvua ya Kericho haikuupa nafasi ya kukauka. Nikakosa subira. Niliuning'iniza nyuma ya boila, pale kuni zinapokaushwa, siku mbili tu. Nilipoushusha, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutoka kichwani kuelekea mpinini. Nikatia gundi, nikafunga uzi karibu na mpini, chini ya raba. Ubao mmoja ukipasuka, hakuna tabaka jingine la kuushika.

Ukumbi ulijaa. Mimi huishika raketi kama mtu anayeandika, na fundi wa matrekta aliliona hilo mara moja.

"Kalamu uliiacha darasa la saba, leo ndiyo unaikumbuka?"

Watu wakacheka. Seti ya kwanza alinimaliza haraka. Ya pili nikaipata, sijui vipi, na katikati ya ya tatu nikasikia sauti ya raketi imebadilika. Badala ya *tok*, ilitoa mlio mkavu, kama mtu anakohoa chumba cha pili. Nikaangalia. Uzi ulikuwa umelegea, na ufa umeshuka kwa upana wa kidole.

Nikainua mkono. Yule mama wa maslahi, aliyekuwa akiandika pointi, akaniruhusu nibadilishe. Jamaa wa boila alikuwa tayari amenyoosha ile ya kaboni.

"Shika, wewe! Unangoja ipasuke ikuingie jichoni?"

Niliishika. Ilikuwa imara, nzuri, na kimya kabisa. Jasho lilinitiririka mgongoni ingawa nje kulikuwa na ukungu. Niliona wazi nitakavyopiga nayo, mpira upite meza, niende tena barabarani na mfuko wangu. Nikamrudishia.

"Huyu ameharibika kichwa," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Kuanzia hapo sikupiga kwa nguvu hata mara moja. Niliogopa. Nilisukuma tu, nikarudisha, nikasukuma, nikisikiliza ule mlio kila mara. Seti hiyo aliichukua yeye. Ya nne akaanza kukasirika.

"Piga basi! Unabembeleza mtoto?"

Nikarudisha. Akapiga nje. Nikarudisha tena, akapiga wavu, na seti ikawa yangu. Ya tano ilikwenda hivyohivyo, polepole, na mpira wake wa mwisho ukapita juu ya kichwa changu ukagonga ukuta.

Yule mama alifunga kitabu chake. "Jumatatu, saa mbili. Uje na kitambulisho."

Nilitoka nje, nikapita vikapu vya majani, nikaingia kati ya mistari ya chai na kutapika. Jamaa wa boila alinikuta nimepiga magoti.

"Si umeshinda?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Sijawahi kubaki mahali. Niache kidogo."