Mama Vijidudu awanasa bakteria kabla jua halijazama

Saa mbili asubuhi, mashine ya kukuzia bakteria inalia maabarani. Mwanamke mfupi mwenye miwani anaiacha chai yake, anavaa glavu na kuchomoa chupa moja ya damu.

"Huyu ameota!" anasema, macho yakimng'aa.

Hospitali nzima humwita Mama Vijidudu. Damu hiyo ni ya mshonaji nguo aliyejifungua juzi, ambaye homa imemkaba na dawa haimshiki.

Kwa njia ya zamani, angepaka damu kwenye sahani ya maabara na kusubiri bakteria waote. Jibu kamili lingetoka kesho kutwa.

"Majibu ya mdogo wangu yalitoka tumesharudi kumzika," anasema. "Tangu hapo sipendi neno kesho."

Ndiyo maana yeye na wenzake walitumia mwaka mzima kuijaribu njia ya haraka. Anatia kwenye damu dawa inayopasua chembe zake na kuwaacha bakteria wazima, kisha anaizungusha kwa kasi kwenye mashine. Anamwaga maji ya juu. Chini kumebaki utando mweupe.

"Ndio hao! Mwizi tumeshamtoa kwenye umati, sasa tumuulize jina."

Adhuhuri, vipimo vimetoa jina la bakteria. Alasiri, vidonge vidogo vya majaribio, kila kimoja na dawa yake, alivyowapangia bakteria kwenye sahani vinatoa jibu. Anapiga simu wodini.

"Daktari, badilisha dawa. Hiyo yako wanaioga!"

"Una hakika? Si imeota leo leo hii?"

"Shuka uone."

Daktari anashuka ngazi mbili mbili. Bakteria wametanda sahani nzima, ila kuzunguka kidonge kimoja pameachwa peupe.

"Hiki hapa!" anapiga kelele, na kurudi mbio wodini.

Asubuhi inayofuata, mshonaji ameketi, ananyonyesha. Mama mkwe wake amemfuata Mama Vijidudu, aliyepanda kumjulia hali, hadi mlango wa wodi.

"Mwanangu, sijui mlifanya nini huko chini. Mkwe wangu leo kanigombeza eti namfunika mtoto blanketi zito. Nimefurahi mpaka nimelia!"

Sasa Mama Vijidudu anajiandaa kuwafundisha wataalamu wa hospitali ndogo, maana mashine ya kuzungushia wengi wanayo tayari.

"Nataka ifike siku," anasema, "majibu yakichelewa, iwe ni kwa sababu aliyeyabeba kasimama koridoni anasalimiana na watu. Na huyo nitamfokea!"