Ngozi Iliyorudi Mlimani

Zahara wa Bugembe alikuwa mnunuzi wa ngozi mbichi, na kazi hiyo aliifanya kwa miguu. Wanunuzi wengine wa Mbale, mji ulio chini ya mlima, walingoja machinjioni wakapokea kilicholetwa. Yeye alipanda mlima. Pale boda boda iliposhindwa alishuka, akajifunga kanga kiunoni, akafuata vijia vya mbuzi hadi vijiji ambavyo havijapata kumwona mnunuzi. Maporomoko ya udongo yalipofukia njia moja, alitafuta nyingine, na mara nyingi njia aliyoivumbua ndiyo watu waliyoifuata baadaye kwenda sokoni.

Alizaliwa katika ukoo wa Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, na Kiswahili alikinyonya kwa mama yake. Lugha hiyo ndiyo iliyompa taabu ya kwanza. Siku alipofika Bunasaka, kijiji kilichojificha nyuma ya bonde la maporomoko, alipiga hodi kwa Kiswahili fasaha, na milango yote ikafungwa. Wazee wa huko walikikumbuka Kiswahili pamoja na buti na amri za askari. Zahara hakugombana na mtu. Aliketi juu ya jiwe, akafungua kifurushi chake, akala muhogo polepole, hata mzee mmoja aitwaye Wanzala akachungulia.

“Afande, umekuja kumkamata nani?”

“Mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, bwana. Tena nataka ngozi yake tu, mwenyewe mmeshamla.”

Wanzala alicheka, milango ikafunguliwa, na tangu hapo jina la Zahara mlimani likawa Afande wa Ngozi. Watu wa Bunasaka walichuna bila haraka, ngozi zao hazikuwa na matundu ya kisu, nazo ndizo zilizomjengea nyumba ya matofali kule Bugembe, karibu na Jinja. Vijiji vya jirani navyo vilimfungulia kwa sababu Wanzala alimfungulia.

Ukaja mwaka wa imbalu, ndiyo tohara ya vijana wa Kimasaba. Yekosofati, aliyemwoa Nambozo dada yake Wanzala, alimchinjia mwanawe fahali mwekundu mwenye baka jeupe begani. Sherehe ilipokwisha Zahara alifika, akaikuta ngozi imekunjwa juu ya majani ya migomba. Akaelewana bei na Yekosofati, akamlipa, akaishusha hadi ghala lake katika mtaa wa viwanda wa Mbale, akaitia chumvi, akaipakia pamoja na nyingine kwenye lori la kwenda kiwanda cha ngozi cha Jinja.

Alikuwa kwake Bugembe, kikombe cha chai mkononi, Nambozo alipompigia simu.

“Afande, kaka yangu amekaa mlangoni petu tangu jana. Chakula chetu hakigusi.”

“Amefiwa?”

“Ameporwa. Katika ukoo wetu ngozi ya fahali wa imbalu ni ya mjomba wa kijana. Mume wangu anasema fahali alikuwa wake, kijana ni wake, na hata kisu kilikuwa chake.”

“Na Mzee Wanzala anasemaje?”

“Anasema hakuna ngozi itakayoshuka tena mlima huu mgongoni mwako.”

Zahara alikitua kikombe. Angeweza kumpelekea mzee fedha, lakini fedha kwa mtu aliyedharauliwa ni dharau ya pili. Na mlango wa Wanzala ukifungwa, mlima mzima ungefungwa. Akavaa viatu, akaenda Jinja.

Kiwandani alimkuta Douglas, mpokeaji wa ngozi.

“Mama Zahara, lori lako tulilipokea asubuhi. Umesahau nini?”

“Ngozi moja. Nataka kuinunua.”

“Uliyotuuzia?”

“Hiyo hiyo, kabla hamjaitia kwenye chokaa. Ikitoka huko bila manyoya mwenyewe hataitambua.”

“Nimeota mvi hapa, sijaona biashara ya namna hii.”

“Basi leo mvi zako zimepata faida.”

Akakunja mikono ya gauni, akapekua lundo mwenyewe, moja baada ya moja, mpaka baka jeupe likaonekana.

Kesho yake alikuwa akipanda tena. Ngozi ya fahali iliyotiwa chumvi si mzigo wa mchezo. Maji yake yalimchuruzika mgongoni, na kila alipopumzika nzi walikuja kumjulia hali. Alimkuta Wanzala bado amekaa kwenye kigoda, ameuziba mlango barabara, hata Yekosofati alikuwa akiingia na kutoka nyumbani mwake kwa dirisha la jikoni. Zahara akaitandaza ngozi mbele ya kigoda.

Wanzala alilipapasa lile baka. “Ungeniuliza, Afande, ningekuuzia siku ile ile.”

“Sikujua, mzee wangu, wala sikuuliza. Sasa nauliza. Ngozi hii ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Waniuzia?”

Mzee aliitazama ngozi, akamtazama mwanamke aliyelowa chumvi hadi visiginoni.

“Nakuuzia.”

Kichwa cha Yekosofati kikachomoza dirishani. “Shemeji, fahali huyu alipokuwa hai nilimpeleka sokoni, hakuna aliyemtaka. Sasa amekufa, kila siku ananunuliwa.”

“Mwamba ngoma huvutia kwake,” Wanzala akamjibu. “Wewe umevuta, nami nimevuta. Haya, pita mlangoni kama watu wengine.” Kisha akamgeukia dada yake, akauliza kama malewa yamekwisha kuiva, maana harufu ya yale machipukizi ya mianzi ilikuwa imemtesa tangu asubuhi.

Walikula pamoja. Baada ya chakula Wanzala alisimama nje, akaelekeza fimbo yake upande wa pili wa bonde, ambako moshi mwembamba ulipanda juu ya msitu.

“Kule nina dada mwingine aliyeolewa. Huko hajafika mnunuzi.”

“Njia iko?”

“Ya mbuzi.”

Zahara aliifunga ngozi kwa kamba, akaiacha kwa Nambozo mpaka arudi, akakaza kanga yake. Wanzala alitangulia kwa fimbo, naye akamfuata. Kila walipopita mbele ya nyumba, watu walitoka kumsalimu Afande.