Kadi ya Kumwonyesha Mama Nyumba Yake

Mama hakuwahi kuelewa ramani. Nilimpelekea karatasi nyumbani kwake, kwenye mteremko wa Mlima Meru, nikazitandaza mezani na kumweleza kwa kidole: huu mlango, hiki chumba chako, hapa choo. Aliitikia "sawa, sawa" kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani yasiyomhusu. Nyumba ya zamani, aliyoijenga marehemu baba, ilikuwa imepasuka ukuta mmoja kuanzia msingi hadi kwenye bati. Mimi na kaka yangu tulikubaliana kumjengea nyingine. Kaka anauza vifaa vya ujenzi mjini, kwa hiyo saruji na bati zilikuwa juu yake. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, nachorea kwangu Elerai, kwa hiyo mchoro ulikuwa juu yangu.

"Nitakuonyesha kwenye kompyuta, mama," nilimwambia. "Utaingia ndani kama unatembea."

"Haya. Nikiiona ndiyo nitasema."

Ahadi hiyo ilinitesa vibaya. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, kuukuu, nyembamba kama begi la mwanafunzi. Kwa michoro ya mistari haikuwa na shida. Lakini nilipoiamuru isimamishe kuta, iweke paa na mwanga wa dirishani, ilinguruma, skrini ikaganda, na hatimaye likaja tangazo kwamba haina kadi ya grafiki inayofaa. Kadi hiyo ni kibao kinachochomekwa ndani ya mashine ili kibebe kazi nzito ya picha. Yangu haikuwa nacho.

Kaka alicheka aliposikia. "Tupa hilo dude, ununue jingine."

"Utanunua wewe?"

"Mimi nina saruji ya mama."

Basi nikaenda mjini kutafuta kadi. Muuzaji wa kwanza, kijana mwenye maneno mengi, hakuniuliza hata kompyuta yangu ni ya aina gani. Alitoa kadi kubwa yenye feni mbili, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Dada, hii inaingia mashine yoyote."

"Yoyote kabisa?"

"Dada yangu, mimi si wa leo kwenye kazi hii."

Nikaichukua. Nilipofika nyumbani na kufungua kasha la kompyuta, niliona kabla hata ya kuijaribu kwamba nimepoteza siku. Kadi ilikuwa ndefu na pana kuliko nafasi yenyewe. Hata kama ingeingia, ilitaka waya wake wa umeme, na kwenye pawa saplai yangu, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, waya huo haukuwepo. Na pawa saplai yenyewe ilikuwa ya umbo la pekee la kiwanda chake, huwezi kuing'oa ukaweka nyingine.

Kesho yake nikairudisha. Kijana akanionyesha kwa kidevu maandishi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Uliniambia inaingia mashine yoyote."

"Inaingia. Kata kidogo hilo bati la pembeni, uache mashine wazi."

"Na umeme itapata wapi?"

"Hapo sasa inategemea."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia kila nilipouliza, kwa mafundi, kwa wauzaji, hata kwenye kurasa za mtandaoni. Inategemea. Nilisimama pale kaunta nikakataa kuondoka. Wateja waliingia, wakanitazama, wakatoka. Mwishowe alinibadilishia kwa simu ya mezani na kifaa cha kupangia nyaya ambavyo sikuvihitaji, ilimradi niondoke. Nilivichukua kwa hasira, na hadi leo sijavitumia.

Safari hii nikaamua kuanza na mashine yenyewe. Nikachukua rula nikapima nafasi. Nikasoma kibandiko cha pawa saplai, nikajua ina nguvu kiasi gani. Nikajifunza kwamba ninachotaka ni kadi fupi, nyembamba, inayokula umeme kutoka kwenye bodi, kile kibao kikuu cha ndani, peke yake bila waya wa ziada. Niliipata kwa mama mmoja anayeuza vifaa vilivyotumika. Akanipa na kile kibati kifupi cha kuishikilia, maana kadi bila kibati hicho haifungiki kwenye kasha jembamba. Niliichomeka, ikakaa sawasawa. Nikafunga, nikawasha.

Skrini nyeusi. Mlio mrefu, halafu milio mifupi.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Siyo kwa huzuni. Nilikuwa nimechoka kushindwa na kitu kisichoweza hata kunijibu. Niliitoa kadi, mashine ikawaka kama kawaida. Nikairudisha, giza. Baada ya kusoma sana nikagundua kwamba programu ya bodi, ile inayoamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote, ilikuwa ya zamani mno kuitambua kadi hiyo. Ilibidi isasishwe. Na onyo liliandikwa wazi: umeme ukikatika katikati, bodi imekufa.

Wiki hiyo umeme wetu ulikuwa unaingia na kutoka unavyotaka.

Nikampigia kaka. Nilitegemea anicheke tena, lakini alikuja na betri kubwa ya dukani kwake, ile inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Akaiweka chini, akakaa kwenye stuli. Nikaitoa kadi, nikaiunga mashine kwenye betri, nikaanza kusasisha; mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ulisogea polepole kwenye skrini. Katikati, taa ya chumbani ikazimika. Tukatazamana. Mstari ukaendelea kusogea.

"Usiguse kitu," kaka alinong'ona, kana kwamba kompyuta ingesikia.

Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Nikaizima, nikachomeka kadi, nikawasha tena, na picha ikaja.

Jumamosi kaka alimleta mama. "Shikamoo mama," nikamwamkia, nikamkalisha mbele ya skrini kabla hajamaliza uji wake wa loshoro, ule wa mahindi na maziwa mgando. Nikamwingiza ndani ya nyumba yake kwa mlango wa mbele, kupitia sebuleni, hadi chumbani. Mama akasogeza uso karibu na skrini.

"Jiko?"

"Hili hapa, mama. Ndani."

"Nani kakwambia nitapika ndani? Na wageni watakaa wapi mimi nikimenya ndizi?"

Akanyoosha kidole. "Dirisha hili linatazama wapi?"

"Barabarani."

"Na baba yako yuko upande gani?"

Kaburi la baba liko kwenye migomba, nyuma. Upande ule nilikuwa nimeweka choo.

"Mama, miezi yote hii ulikuwa unasema sawa!" Sauti ilinipanda, kaka akanitazama vibaya.

"Nilikuwa naona karatasi," alisema. "Sasa naona nyumba."

Nikavuta kiti, nikaanza kuhamisha kuta yeye akiangalia. Choo nikakipeleka kule, kitanda nikakileta huku, dirisha nikalifungua kwenye migomba. "Shusha kidogo," alisema. "Nikiwa nimelala nitaona nini hapo juu?" Nikashusha.

Kisha nikampigia fundi tuliyempa kazi ya kujenga, kumwambia asianze kuchimba. Akasema ameshaanza jana, shimo la choo limefika kiunoni. Nikamwambia afukie.