Samaki wa Ukutani

Kwa siku sita dada yangu alinusa samaki anaungua, na ndani ya nyumba hakukuwa na samaki.

Hata mwiba.

"Mdogo wangu, samaki huyo ataungua."

"Samaki gani, dada?"

"Huyo wa ukutani."

Nilicheka mbele yake. Kisha nikaenda jikoni nikalia.

Dada ana miaka themanini na moja na mapafu yamechoka. Anaishi kwa mashine ya oksijeni inayonguruma kando ya kitanda, mrija mwembamba puani. Mwili wake nilijua unakwisha. Akili sikutegemea nayo iishe.

Mimi sikunusa kitu. Mafua yalikuwa yameniziba wiki nzima, lakini nani anafikiria pua yake? Nikampigia binti yangu, nikanong'ona, "Mama yako mkubwa akili zinampotea."

Siku ya saba, mchana kweupe, nilichomeka birika la umeme kwenye soketi ile ile ya mashine, nimchemshie maji ya kumkanda miguu. Nikaegemea ukuta.

Nikaruka.

Ukuta ulikuwa na homa, jamani. Moto kama paji la uso la mtoto mgonjwa.

Nikamwita fundi umeme wa mtaani. Wanamwita Hesabu, kwa kuwa hashiki waya kabla hajashika kalamu. Watu humcheka: wewe uko gizani, yeye anagawanya.

Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akamwinamia dada. "Shikamoo, bibi. Nitakupigia kelele kidogo, unisamehe."

Akapima kwenye swichi kubwa: volti mia mbili na thelathini. Akaniambia niwashe birika, akapima kwenye soketi: mia mbili na saba. Mkondo, ampia kumi.

Kalamu ikasimama.

"Bibi, volti ishirini na tatu zimepotea njiani."

"Nani kaziiba? Humu tuko wawili, na mmoja hatembei!"

Hakucheka. Fundi asipocheka, ogopa.

Akazima birika haraka. "Hazijapotea. Ziko humu ukutani. Ishirini na tatu gawanya kwa kumi, huo ndio ukinzani: omu mbili nukta tatu. Waya mzima, mfupi hivi, haufiki hata nusu omu. Kuna mahali umekabwa koo. Sasa zidisha, ishirini na tatu mara kumi."

"Mia mbili na thelathini."

"Wati hizo. Karibu balbu nne za zamani, zile za kuunguza vidole, zinawaka ndani ya ukuta. Mahali padogo kama kucha."

Akaitazama mashine. "Hii inatoa nini?"

"Oksijeni."

Akaweka kalamu chini. "Bibi, moto ukionja oksijeni hausubiri maji. Nazima nyumba nzima sasa hivi."

"Ukizima, dada hapumui!"

"Nisipozima..." Akageuka kutazama kitanda. "Mtungi wa akiba?"

"Uliisha jana. Wanaleta kesho."

Nikakimbilia dirishani. Nikamwita jirani yangu mshonaji. Tulikuwa hatusemeshani miezi miwili, sababu kamba ya kuanikia nguo. Yeye hakuuliza, "Leo umenikumbuka?" Alichomoa cherehani katikati ya mshono, akatupitishia waya wake mrefu wa umeme dirishani kwetu.

"Vuta, mama! Vuta!"

Hesabu alisoma maandishi ya waya ule kwanza, hata wakati huo. "Mashine peke yake ni ampia moja na nusu. Utaibeba. Bibi, mshike mkono."

Akachomoa.

Mashine ikanyamaza. Sijapata kusikia kimya kama kile. Dada alinikaza kidole, macho yamemtoka, kifua kinatafuta. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne...

Ikanguruma.

Hesabu akazima swichi kubwa, akashusha pazia la pale ukutani, akabomoa plasta taratibu. Waya ulikuwa umebaki nyuzi mbili, ganda limeyeyuka na kuwa jeusi. Harufu ikatoka, hata pua yangu ya mafua ikaipata.

Samaki. Samaki anaungua, kabisa kabisa.

"Plastiki za umeme zikiungua hunuka hivi," alisema. "Nani alinusa kwanza?"

Nikaonyesha kitandani.

"Basi fundi ni yeye, mimi nimekuja kuandika tu." Kisha akachomoa kitu ndani ya waya. "Na huu msumari kaupigilia nani?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Niliupigilia mimi. Wiki moja nyuma, kwa mkono wangu, nitundike pazia, jua lisimchome dada machoni.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Dada, nisamehe. Nilisema akili zinakupotea."

"Nilikusikia," akasema kwa pumzi fupi. "Kunong'ona hujui, tangu utotoni."

Akageuza macho dirishani.

"Ila pazia zuri. Lirudishe. Nyundo apewe mwingine."

Mshonaji ndiye aliyelitundika, upande usio na waya. Siku hizi kamba ya nguo tunatumia wote.

Wanangu mnaosoma hapa, kabla ya msumari, ulizeni waya unapita wapi. Ukuta ukiwa wa moto, zimeni, mwiteni fundi anayepiga hesabu.

Na mgonjwa wako akikwambia ananusa kitu usichokinusa, usianze kupima akili yake.

Anza na ukuta.