Nilivyoisifu Sura ya Tisa

Nilipoanza blogu yangu ya vitabu nilidhani kazi ya msomaji ni kupiga picha. Sitanii. Nilikuwa naweka kitabu mezani, nakiwekea kikombe cha kahawa kando, na mimi kahawa sinywi, hunipa kiungulia. Kisha najifunika blanketi la manyoya magotini, kwa sababu nilikuwa nimeona wasomaji wa ng'ambo wakijifunika. Kitengela hii! Jua la saa saba linapasua kichwa, vumbi la malori ya simiti linaingia mpaka kwenye sukari, na mtu mzima ameketi kwenye balkoni amejifunika blanketi akijifanya anasoma. Watu wakanipenda. Waliniandikia kwamba wanatamani maisha yangu. Ningewacheka, ila ningelazimika kuanza na mimi mwenyewe.

Kusoma kwenyewe nilikuwa na mtindo wangu. Nasoma maneno ya nyuma ya jalada, nasoma sura ya kwanza, naruka mpaka ukurasa wa mwisho, halafu natafuta wenzangu wamesema nini. Navichanganya, natia maji kidogo, tayari nimepika uchambuzi. Nilipenda sana kuandika kwamba kitabu fulani "kinakushika mkono na hakikuachi." Mimi kilikuwa kimeniacha kitambo nikatazame vichekesho kwenye simu.

Na nilikuwa mkarimu wa nyota. Kila kitabu cha mtu ninayemjua kilipata zote tano. Nne niliwatunzia waandishi wa mbali, ambao hawangejua kwamba nipo. Huku kwetu ukisema kitabu cha jirani kina kasoro ni kama umeenda harusini ukatangaza kwamba pilau ina mawe. Wenyewe tunaita kusapoti. Tulikuwa na kikundi kizima cha wanablogu wa kusapoti, tukikutana Jumamosi kwenye kilabu cha nyama choma, kila mmoja na kitabu chake kando ya sahani. Vitabu vile vilijua harufu ya mbuzi kuliko vilivyojua macho ya binadamu. Mmoja wetu alijisifu kwamba husikiliza vitabu kwa mwendo wa kasi huku akipika githeri. Nilimwonea wivu. Hebu fikiria, nilimwonea wivu!

Katika hali hiyo ya upumbavu ndipo rafiki yangu aliponitumia kitabu chake.

Yeye ni mwalimu, anafundisha Kajiado mjini. Tulikua tukitenganishwa na seng'enge tu. Wazazi wangu walihama kutoka Central, Ukikuyuni, nikiwa sijaanza shule, wakanunua shamba kutoka kwa familia ya rafiki yangu, na yeye ndiye mtoto wa kwanza aliyenisemesha upande huu. Alinifundisha kuinamisha kichwa mbele ya wazee wao wa Kimaasai ili waniguse utosi, na mimi nikamfundisha kula mukimo wetu wa viazi. Mama yake, mjane, alibaki na kipande cha nyuma, kule chini kwenye mawe, na mbuzi wake wachache. Sikuwahi kujiuliza kwa nini sisi tulipata huku juu penye udongo mzuri.

Kitabu kilikuwa kumbukumbu za maisha yake. Alinitumia kwenye simu kabla ya kukipeleka kwa mchapaji, akaambatisha ujumbe wa sauti. Nilikuwa kwenye nyama choma, nikausikiliza sikio moja likiwa kwa wenzangu.

"Wewe ndiye najua unasoma," alisema. "Chapta ya tisa ndiyo inanisumbua. Hiyo ikichapishwa, kuna watu hawatanisalimia tena, na wengine ni watu napenda. Mimi nitafanya vile utasema. Ibaki ama niitoe?"

Nikafuta mafuta vidoleni, nikamwandikia: "Usitoe hata neno! Chapta ya tisa ni moto." Nikaongeza vipicha vitatu vya moto, nikarudi kwa mbavu zangu. Nilijiambia nitaisoma wikendi. Wikendi ikaja nikawa na picha za kupiga.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, hapa Kitengela. Kama hujawahi kuhudhuria uzinduzi wa kitabu huku kwetu, ni harambee iliyovaa miwani. Kuna hema, kuna keki, kuna akina mama wa kwaya, kuna mheshimiwa anayefika amechelewa na kupewa kipaza sauti kwanza. Mheshimiwa wetu alikishika kitabu kichwa chini miguu juu, akakisifu kwa kutuhimiza tupande miti. Kisha mfawidhi wa sherehe akanadi nakala ya kwanza vile jogoo hunadiwa kanisani siku ya mavuno, huku watu wakipandisha bei na kupigiana makofi. Aliyeshinda alipiga picha nayo, akaisahau kwenye kiti. Nimehudhuria sherehe nyingi kama hizo na bado sijaona mtu akifungua kitabu, hata kwa kujipepea.

Nami nilikuwa kwenye ratiba, kati ya maombi na keki. Nikaitwa mchambuzi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na miwani isiyo na dawa.

"Kitabu hiki nimekisoma," niliwaambia watu wale wote, "na nawaomba mkifika sura ya tisa mketi chini, maana itawabadilisha."

Baba yangu, aliyekuwa safu ya mbele kama mzee wa kanisa na jirani wa tangu zamani, ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi. Mama alimkonyeza mwenzake kumwonyesha kwamba yule ni binti yake.

Kisha mwandishi akasimama kusoma kidogo. Sote tulitarajia ile sehemu ya kuchunga mbuzi na kwenda shule bila viatu, watu waseme pole, tule keki. Akasema, "Kwa vile mchambuzi ameitaja, nitasoma chapta ya tisa." Alisoma taratibu, na kila aya ikiisha alimgeukia mama yake akamweleza kwa Kimaa. Mama yule aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

Sura ya tisa ilihusu siku shamba lao lilipouzwa. Mgeni kutoka Central alikuja na mkewe na kitoto cha kike. Akaleta mkate, sukari na blanketi kwa mjane. Amu wa yule mjane, msimamizi wa shamba, alikuwa ameshakubaliana bei na mgeni. Mjane akapelekwa ofisi ya ardhi kuitikia uuzaji mbele ya maafisa, kwa Kiswahili ambacho hakukielewa, naye alikuwa ameambiwa kwamba anakodisha nyasi za msimu mmoja tu. Binti yake alikuwa ameshika ncha ya shuka la mama. Alimsikia mgeni akimnong'oneza amu, "Huyu mama anaelewa kweli?" Amu akasema, "Ataelewa." Mgeni akatazama chini, wakaingia ndani. Jioni moja baadaye kile kitoto cha mgeni kilisimama penye seng'enge mpya kikila mkate, na binti wa mjane akaenda kukisalimia kwa sababu hakuwa na mtoto mwingine wa rika lake wa kucheza naye.

Hakutaja jina la mtu yeyote. Hakukuwa na haja. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama kisogo cha baba yangu.

Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni, na nyuma ya aibu hasira, na hasira yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kwake yeye rafiki yangu. Baba aliikunja ratiba vipande vidogo vidogo. Mama yangu akasema, "Twende." Mfawidhi, aliyekuwa hajasikia lolote kwa kuwa alikuwa anahesabu soda, aliingia na wimbo wa shangwe, kwaya ikaanza kucheza.

Nilimkuta rafiki yangu nyuma ya ukumbi, kwenye matangi ya maji, akinawa uso.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuambia. Nilikuuliza kama ibaki."

"Sikuwa nimesoma." Lilinitoka tu, sikulipanga.

"Najua," alisema. "Ulinijibu kabla chai yangu ichemke. Na mtu amesoma hiyo chapta hawezi niwekea picha za moto."

"Sasa kama ulijua, mbona ukaiacha?"

Alijipangusa kwa ncha ya leso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nilipatia pasta, akasoma. Nikapatia bwana yangu, akasoma. Dada yangu akasoma akilia. Wote wananipenda, na wote waliniambia niitoe, ati tumekaa na nyinyi vizuri miaka hii yote. Wewe peke yako ndiye ulisema ibaki. Nilikuwa nataka tu mtu mmoja aseme hivyo, hata kama ni wa uongo." Kisha akanitazama. "Ungesoma, ungeniambia nini?"

Mimi ninayejua la kusema juu ya kila kitabu, hata kile ambacho sijakifungua, nilivua miwani yangu isiyo na dawa, nikaifuta.

"Ungeniambia niitoe," alisema, akaenda kumchukua mama yake.

Alisema kweli. Ningemwambia aitoe. Ningemwandikia kwa upole, kwa yale maneno yetu laini ya wachambuzi, kwamba sura hiyo inapunguza mwendo wa kitabu.

Tangu hapo nimekisoma kitabu chote, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, nimeketi chumbani mwangu, katika nyumba ya baba, juu ya udongo ule ule. Ni kizuri. Ni kitabu bora kuliko vyote nilivyowahi kuvitunuku nyota, na ndicho pekee nilichokisoma vile kitabu kinavyostahili kusomwa. Wanakikundi wenzangu waliweka picha zake siku ile ile, na vikombe vya kahawa kando, wakakiita kitamu. Mimi nimeandika uchambuzi wake, nimeurekebisha, uko tayari, na kila nikikaribia kubonyeza uchapishwe naufunga. Blogu yangu ina maelfu wanaotazama picha na kupita. Baba peke yake ndiye hukaa na miwani yake akasoma kila ninachoandika mpaka nukta ya mwisho, na tangu siku ile, kila asubuhi, huniuliza kama nina kipya.